Banda la Rahaleo, Lindi: makala za sayansi kwa shilingi 500

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho upande wa Mtama. Msimu ukifunguka, gunia linapanda, nasoma, naandika, linashuka, na mkulima kasimama pembeni haachi kuitazama mizani hata kidogo. Miaka kumi na tisa sasa. Nayasema haya mwanzo ili mjue natazama kwa jicho gani, kwa sababu banda ninalotaka kuwaeleza linaonyesha mambo ambayo hayapandi kwenye mizani ya mtu yeyote: umri wa ulimwengu, uzito wa wanyama waliokwisha, Mwezi ulikotoka.

Banda liko Lindi mjini, Rahaleo, kwenye kichochoro kinachoteremka kuelekea baharini. Siku za mpira ni kibanda umiza kama vingine. Lakini Ijumaa baada ya magharibi, na Jumapili kuanzia saa 10 alasiri, kijana mwenye banda anaweka makala za sayansi, zile filamu za saa nzima zinazotengenezwa Uingereza, Marekani na Ujerumani. Yeye anakaa kwenye stuli pembeni ya runinga, kipaza sauti mkononi, anatafsiri. Mkubwa 500, mtoto 200. Watoto wanakaa mkekani mbele, wakubwa kwenye mabenchi. Mlangoni kuna mama anauza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, na anakuamini, unakula kwanza unalipa ukitoka.

Msimu ukiisha nakaa mjini kwa dada yangu, kwa hiyo tangu Februari nimekwenda mara kumi na moja, mara nyingi na binti yangu wa darasa la sita.

Iliyonirudisha ni ile ya mwanzo wa ulimwengu. Walieleza jinsi Arno Penzias na Robert Wilson, mwaka 1964 huko New Jersey, walivyosikia mvumo kwenye antena yao. Haukatiki, usiku na mchana, kila upande walikoielekeza. Wakadhani ni kinyesi cha njiwa waliojenga kiota ndani yake. Wakawatoa njiwa, wakasafisha, mvumo upo palepale. Kumbe ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, karibu miaka bilioni 13.8 iliyopita. Hapo kijana akabonyeza rimoti, picha ikasimama, akatuuliza: "Wakubwa zangu, mnazikumbuka chenga?"

Nani asizikumbuke, zile nukta nyeupe zinazorukaruka kwenye kioo stesheni isiposhika! Zile runinga za kichogo, antena imefungwa juu ya mlingoti, mmoja anazungusha, mwingine anapiga kelele dirishani, "Hapo hapo, acha!" Akasema katika zile chenga, sehemu ndogo, kama 1 katika 100, ilikuwa mvumo ule ule wa akina Penzias. Yaani sebuleni kwa marehemu baba, sisi watoto tukisubiri taarifa ya habari, ulimwengu ulikuwa unatuletea salamu za mwanzo wake na hakuna aliyetuambia. Hilo halikuwemo kwenye filamu. Kijana alilisoma mahali, akaona linatuhusu, akaliongeza. Ndiyo tofauti ya mkalimani huyu na wale wa filamu za ngumi wanaojaza maneno ili watu wasilale.

Sasa nije kwenye Tendaguru, maana hiyo ndiyo usiku ambao sitausahau.

Kwa wageni: Tendaguru ni kilima kiko kaskazini-magharibi ya mji wetu, kama kilomita 60, upande wa Mipingo. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria walioishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Mkubwa kuliko wote amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin tangu 1937, urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Zamani aliitwa Brachiosaurus, sasa wengi wanamwita Giraffatitan. Filamu ilikaa kwenye ule ukumbi wa Berlin muda mrefu sana, kamera inapanda shingoni, inashuka, profesa anatembea, muziki unapanda naye. Uchimbaji wenyewe ukapewa labda dakika moja. Picha za rangi moja, watu kifua wazi, mizigo begani na kichwani, zikapita.

Kijana akarudisha nyuma. Akasimamisha picha kwenye mstari wa wapagazi. Akazima muziki. Akasema, "Hawa ni watu wa huku." Halafu akaeleza bila filamu, labda dakika kumi. Kwamba wataalamu wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig, walikuja wakakuta nchi imetoka vitani, Majimaji imekwisha 1907, mashamba yamechomwa, njaa imepita kila nyumba. Kwamba wachimbaji walifika karibu 500. Kwamba msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeujua mfupa ungali ardhini, akajua pa kupiga jembe na pa kuacha, hata Waingereza walipokuja kuchimba kuanzia 1924 walimhitaji. Kwamba mifupa ilifungwa kwa udongo na plasta, ikawekwa kwenye vihenge vya mianzi, ikabebwa kwa miguu siku nne hadi bandarini hapa Lindi. Zaidi ya tani 200.

Mimi tani 200 nazijua. Nazijua kwa gunia, kwa mgongo wa mtu anayeshusha. Nilijaribu kuzigawa kwa vichwa nikiwa pale benchini, mzigo kwa mzigo, siku nne kwenda na siku nne kurudi, nikaacha, nikabaki natazama uso wa yule wa tatu kwenye mstari. Bibi mmoja nyuma yangu, wa asili ya Mipingo, akasema kwa sauti ndogo kwamba babu yake alikuwa akiwasimulia habari ya kubeba mawe yanayofanana na mifupa, nao wakidhani ni ngano ya kulalia. Hakuna aliyemjibu. Mama wa ming'oko alikuwa ameingia amesimama mlangoni na sinia lake.

Filamu ikaendelea, na hapo ikaja sehemu iliyonigusa mimi kwa kazi yangu: uzito wa yule mnyama. Mwaka 1962 mtaalamu aitwaye Colbert alitengeneza sanamu yake ndogo, akapima ujazo wake kwa mchanga, akapiga hesabu akapata tani 78. Baadaye wengine wakapima kwa njia nyingine. Wakatambua pia kwamba mifupa ya shingo na mgongo ilikuwa na mapango ya hewa, kama ya ndege. Hesabu ya mwaka 2008 ikaja tani 38, ya 2009 ikashuka hadi 23. Kaka mmoja mbele yangu akageuka akasema, "Basi hawajui kitu hawa, wanabahatisha."

Nilimjibu palepale, na naandika tena hapa kwa sababu nadhani wengi wanaotazama makala hizi wanakwama pale pale. Korosho ile ile ukiipima ina unyevu na ukiipima imeanikwa siku tatu, mizani inasema namba mbili. Hakuna aliyedanganya. Kosa lingekuwa kuandika namba bila kuandika hali ya korosho. Wale walioandika 78 waliandika pia walivyopima, ndiyo maana waliofuata waliweza kuona pa kurekebisha. Filamu ile, pamoja na dhambi yake ya kupita mbio kwa watu wetu, ilionyesha mchanga, ikaonyesha sanamu, ikaonyesha mfupa uliokatwa na mapango yake. Nimeipa alama za juu kwa hilo.

Kijana alikosea kitu kimoja siku ile. Alisema mifupa yote ya Berlin ni ya mnyama mmoja. Sivyo, ile imeunganishwa kutoka kwa wanyama zaidi ya mmoja, na sehemu nyingine ni za kutengeneza. Nilimfuata baada ya watu kutoka nikamwambia, mdogo wangu, hapa umeteleza. Akaandika kwenye daftari. Jumapili iliyofuata, kabla hajawasha, akasimama akawaambia watu wote kosa lake. Ana umri wa kuwa mwanangu, na nilimheshimu kuanzia siku hiyo. Bado huchanganya milioni na bilioni akichoka, mnaokwenda msikilize vizuri.

Si kila filamu anayoweka ni nzuri. Mwezi wa Machi aliweka moja ya piramidi za Misri, na nilitoka nimekasirika. Saa nzima sauti nzito inauliza, je, inawezekana binadamu wa kawaida walijenga haya? Je, walisaidiwa na viumbe wa sayari nyingine? Swali juu ya swali, moshi, radi, na hakuna mtu mmoja aliyeinama akaonyesha kitu. Huku kwetu tunaijua biashara ya namna hiyo. Ni kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo. Mtu anakupimia kwa bakuli, haraka haraka, gizani, anakupa namba anayoitaka yeye, na ukifika ghalani hakuna stakabadhi.

Kilichoniuma zaidi ni watoto. Walitoka wanasema Waafrika wa kale wasingeweza. Binti yangu naye aliniuliza hivyo njiani.

Nilimweleza kijana, naye bila kubishana akatafuta nyingine. Wiki mbili baadaye akaweka ile ya hati za mafunjo zilizopatikana mwaka 2013 Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, na kikosi cha Mfaransa Pierre Tallet. Miongoni mwake kuna kumbukumbu za kazi za mtu aitwaye Merer, aliyesimamia kikosi cha mabaharia zama za Farao Khufu, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Siku kwa siku: leo tumepakia mawe machimboni Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza panapojengwa piramidi, tumeshusha, tunarudi. Ndugu zangu, ile ni daftari la karani! Mistari na safu, kama langu. Kamera ilipoisogelea nilisimama bila kujijua, watu wa nyuma wakaniambia nikae. Miaka yote hiyo watu wanauliza nani alileta mawe, na aliyeleta aliandika. Binti yangu akanivuta shati: "Baba, huyo ni kama wewe."

Ile ya silakanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, ilikuwa nzuri ila fupi, na haikusema kwamba mwaka 2003 alinaswa Songo Mnara, Kilwa, mkoa wetu huu. Kijana alilisema yeye.

Kasoro za banda lenyewe sasa, maana ukilipa una haki ya kujua. Hawaanzi kwa wakati. Saa 10 maana yake watu wakifika kama ishirini hivi, na Ijumaa nyingine nimekaa dakika arobaini. Mabenchi hayana egemeo, mzee mwenye mgongo aje na mto wake. Muziki wa filamu unafunika sauti ya mkalimani, hasa spika ya kushoto, ukikaa kulia utasikia vizuri zaidi. Umeme ukikatika anawasha jenereta, lakini liko chini ya dirisha na moshi unaingia. Siku moja liligoma katikati ya filamu ya mashimo meusi, tukaondoka bila kumaliza. Alitupa vipande vya karatasi vyenye sahihi yake, siku ya pili tukaingia bure. Mvua ikinyesha usiende, bati linapiga kelele husikii neno.

Tafsiri yake, kwa jumla, ni ya mtu anayefikiri. Haachi neno la Kizungu likapita hivi hivi. Visukuku, yale mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, anaviita visukuku na anaeleza, na mwaka-nuru, umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja, anaueleza kwa safari ya basi la Dar. Kuna siku alikuwa anatafsiri ya bahari, akasema Mwezi ukiwa mpevu "maji yanakuwa makubwa sana". Mzee mmoja mvuvi, anakaa siku zote karibu na mlango, akanyoosha mkono: "Mwanangu, sema bamvua. Na yale madogo ni maji mafu. Majina yapo." Kijana akamwambia, "Ahsante, babu," akasema bamvua mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, kabla ya filamu ya mambo ya bahari au nyota, anateremka pwani asubuhi na daftari lake anawauliza wavuvi.

Ijumaa ijayo ameahidi ya Mwezi: ulivyotokea, na jinsi wanavyopima kwa mwanga wa leza, kwa vioo vilivyoachwa kule tangu 1969, kwamba unasogea mbali nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Vioo, leza, sentimita, hiyo siikosi. Mnaovuka kutoka Kitunda, ng'ambo ya maji, pataneni kabisa na mwenye chombo kabla hamjaingia bandani, maana babu wa mlangoni amesema itakuwa siku ya bamvua, na filamu haitakwisha kabla ya saa 3.