Jiko la peleti la feni kwa nyumba za Dodoma: anzia kwenye gunia

Jiko hili likiwashwa dukani hupendeza. Muuzaji anajaza peleti (vijiti vifupi vya unga wa mbao au maganda ulioshindiliwa), anatia kibiriti juu yake, anazungusha kitufe cha feni, na baada ya dakika mbili moto umesimama kuzunguka mdomo wa jiko kama wa gesi, moshi huuoni. Hajadanganya mtu. Ila peleti alizotia amezichagua mwenyewe, na feni yake haijala vumbi la Agosti hata siku moja. Tathmini hii ni ya kinachofuata jiko likishafika nyumbani Nkuhungu au Nzuguni.

Tunazungumzia jiko la kupikia la sufuria moja: silinda ya kuta mbili, chumba cha moto cha chuma cha pua kinachobeba kama gramu 700, feni ndogo chini, betri ndani au waya wa adapta ya volti 12. Yale makubwa ya Ulaya ya kupasha nyumba joto, yenye tangi la peleti na parafujo ya kuzilisha, tuyaache huko huko. Mengi yana uzito unaozidi kilo 70, hudai umeme usiokatika, na kiwashio chake peke yake hunywa wati 300 hivi. Dodoma usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Hilo ni suala la blanketi.

Kabla ya jiko, tafuta gunia. Kama huna muuzaji wa peleti mwenye mzigo mwaka mzima, usinunue jiko, hata kwa punguzo. Peleti bora ni za unga wa mbao za msonobari, zenye kipenyo cha milimita 6 au 8. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17225-2 daraja A1 kinataka unyevu usizidi asilimia 10 na majivu yasizidi asilimia 0.7. Kanda ya kati ina mali ghafi nyingine ya karibu zaidi: maganda ya alizeti kutoka mashine za kukamua mafuta, na maganda ya karanga. Yanawaka vizuri tu, lakini yana potasiamu nyingi, na potasiamu hushusha joto la kuyeyuka kwa majivu. Matokeo yake ni donge gumu kama kioo linaloganda juu ya wavu ulio chini ya peleti na kuziba matundu ya hewa. Ukitumia peleti za alizeti, kagua wavu kila baada ya kupika, na feni isifike mwisho. Za pumba za mpunga zinaacha majivu asilimia 15 hadi 20. Kila kilo 5 unamwaga karibu kilo nzima ya majivu. Bei yake iwe ya kutupwa, la sivyo waachie wenyewe.

Kupima peleti hakuhitaji maabara. Vunja moja kwa vidole: ilie "ka!", isipondeke. Itie kwenye glasi ya maji: nzuri huzama, kisha hufumuka na kuwa unga. Inayoelea haikushindiliwa vya kutosha na itaungua upesi. Mimina kilo 1 kwenye chekeche la unga; vumbi likizidi gramu 10, gunia hilo limepigwapigwa njiani au mashine iliyozitengeneza haikupata joto. Mwisho, choma kilo 1 hadi makaa yote yageuke majivu, uyapime. Za mbao safi hazitakiwi kuzidi gramu 10. Zikifika 50, umeuziwa mchanganyiko. (Na tafadhali, peleti za chakula cha kuku zinafanana na hizi kwa umbo tu. Wapo waliojaribu, jiko lilinuka wiki nzima.)

Tuje kwenye hela. Kilo 1 ya peleti nzuri ina megajuli (kipimo cha nishati) 17 hivi, na jiko la feni huingiza kama asilimia 40 kwenye sufuria: 6.8. Kilo 1 ya mkaa ina kama 29, lakini jiko la bati la kawaida huingiza kama asilimia 22 tu: 6.4. Kilo kwa kilo, hapo ni ngoma droo. Ukilinganisha na jiko banifu la mkaa lenye udongo ndani, linaloingiza kama asilimia 32, kilo ya mkaa inakuwa sawa na kilo 1.4 za peleti. Gesi ina megajuli 46 na jiko lake huingiza asilimia 55, hivyo mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 22 za peleti. Chukua bei ya kujaza mtungi huo mtaani kwako, igawe kwa 22. Peleti zikiuzwa juu ya jibu hilo, baki na gesi yako bila kuona haya. Kwa mkaa kuna mtego: unauzwa kwa debe na peleti kwa kilo. Debe la mkaa mkavu mara nyingi halifiki kilo 5, la peleti linakaribia 13. Pima kwa mzani ndipo ubishane.

Dukani, fungua jiko. Chumba cha moto kitoke kwa mkono, bila bisibisi, kwa sababu utakimwaga kila siku. Sumaku ikinasa kwa nguvu kwenye chumba hicho, huenda ni bati la kawaida lililong'arishwa; joto la pale linapita nyuzi 800 na bati litajikunja mapema. Hesabu safu za matundu ya hewa ya juu, karibu na mdomo: yawe ya ukubwa mmoja, yamezunguka bila kuruka. Tega sikio: feni ikilia kwa kukwaruza ikiwa mpya, irudishe. Vishikio vya sufuria viache nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati ya mdomo wa jiko na kitako cha sufuria. Ikiwa chini ya hapo moto unabanwa na kutoa masizi, ikizidi joto linakwenda kwa majirani. Halafu mwambie muuzaji achemshe lita 2 za maji, sufuria imefunikwa. Kwa jiko lisilo na kasoro, ni chini ya dakika 10.

Kulifunga hakuna ufundi mkubwa, lakini kuna mambo ya Dodoma yenyewe. La kwanza ni upepo. Ukipikia uwani, moto husukumwa upande mmoja na sufuria inapata joto nusu. Kinga kwa bati lililokunjwa nusu duara, liache sentimita 10 kutoka kwenye jiko, na lisizibe mahali feni inapovutia hewa. La pili ni vumbi. Jiko likikaa sakafuni moja kwa moja, feni inafagia. Liinue juu ya matofali mawili au fremu ya chuma yenye uwazi wa sentimita 5 chini, na piga brashi mapezi ya feni kila wiki kiangazi. Fremu hiyo ina kazi ya pili: jiko ni refu na jembamba, na mtu anayesonga ugali analisukuma. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke mikono miwili ya kushika sufuria.

La tatu wengi hawalijui. Dodoma ipo takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Feni inasukuma ujazo ule ule, lakini oksijeni ni pungufu. Kwa hiyo alama za kiwandani kwenye kitufe zichukulie kuwa za pwani. Hapa ongeza kidogo. Maji nayo yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, jambo ambalo maharage yatakukumbusha.

Umeme si hoja. Feni ya wati 2 kwa saa 3 kila siku haifiki robo ya uniti ya Luku kwa mwezi. Hoja ni kukatika: feni ikizima katikati, jiko linafuka moshi hapo hapo. Chagua lenye betri. Seli moja ya lithiamu ya mAh 2,600 inabeba kama wati-saa (Wh) 9.6, yaani saa 4 na ushee ikiwa mpya, na fundi simu yeyote anaweza kuibadilisha. Wenye sola ya volti 12 waweke kipunguza volti katikati, kwa kuwa betri ikiwa inachajiwa hupanda hadi 14.4.

Sasa kuwasha, maana hapa ndipo jiko zuri huitwa bovu. Feni inapeleka hewa njia mbili. Kidogo kinapita chini kwenye wavu na kuzifanya peleti zitoe gesi. Kingi kinatoka kwenye matundu ya juu na kuichoma gesi hiyo. Moto unawashwa juu na unashuka taratibu, kama sigara iliyosimamishwa. Jaza peleti hadi sentimita 2 chini ya matundu ya juu, gongagonga jiko zikae sawa. Chukua kiganja kimoja cha peleti, zichanganye na kijiko cha spiriti pembeni, mbali na moto, kisha zitandaze juu. Au tumia njiti kavu nyembamba. Tia kibiriti huku feni ikiwa imezimwa. Hesabu nusu dakika, weka feni kwenye kasi ya chini kabisa. Uso wote ukishika moto, dakika 2 au 3, ndipo upandishe na kuweka sufuria. Anayeanza na kasi ya juu huupuliza moto, anapata moshi mweupe, kisha anamlaumu muuzaji.

Baada ya hapo usiongeze peleti juu. Peleti baridi juu ya moto hutoa gesi nyingi kuliko hewa iliyopo, na jikoni hapakaliki. Unapika kwa ujazo: chai au uji gramu 250, ugali na mboga gramu 450, ujazo kamili karibu saa nzima kwa moto mkali au saa moja na nusu kwa mdogo. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa ujazo mmoja wa moto mdogo. Yasiyolowekwa yatadai ujazo wa pili, na kumwaga makaa, kujaza na kuwasha upya hula dakika 6 au 7. Mwenye kupika makande mara kwa mara anunue chumba cha pili cha moto, akiwashe pembeni.

Soma moto wenyewe. Ukiwa mrefu, wa njano, unalamba sufuria na kuacha masizi, gesi imezidi hewa: punguza feni kwanza, kisha kagua matundu ya juu kama yameziba. Ukinguruma na kuruka juu ya matundu, hewa imezidi. Ukishuka upande mmoja tu, vumbi la peleti limejikusanya upande wa pili, chekecha. Ukifa katikati ya safari, tazama wavu.

Chapati ndipo linapofeli. Joto limejaa katikati, na hata feni ya chini inaunguza kabla kingo hazijaiva. Kipande cha bati nene chini ya kikaango kinasaidia, hakitibu. Kwa wali, kinyume chake, linazidi matarajio. Moto ukiisha hubaki makaa kama gramu 100, mekundu, ya ukubwa mmoja. Zima feni, yamwage kwenye mfuniko, palia wali. Kuyaacha yaungue ndani feni ikiwa juu ndiko kunakoyeyusha majivu na kukunja wavu.

Makaa hayo hayana moshi wala harufu, na yanatoa monoksidi ya kaboni inayoua. Mwezi wa Juni na Julai watu huingiza jiko chumbani kuota moto. La peleti nalo lisiingie, hata likionekana limezimika. Jikoni dirisha na mlango viwe wazi. Makaa yanayobaki yaingie kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, nje.

Peleti zihifadhi kwenye kiroba chenye nailoni ndani, juu ya mbao, si juu ya sakafu ya sementi. Kiangazi hazina shida. Kuanzia Desemba, gunia lililoachwa wazi barazani hugeuka unga.

Kitakachokufa kwanza ni feni. Muulize muuzaji kama anayo ya akiba, na uinunue siku ile ile pamoja na wavu. Nyingi ni za volti 12 zinazofanana na za kompyuta, kwa hiyo hata fundi wa mtaani anaipata, mradi ukubwa na volti vilingane. Kosa la kawaida ni kuifunga kichwa chini: inavuta joto la chumba cha moto kuja kwake na inayeyuka kwa mlo mmoja. Nyaya zikigeuzwa, feni haizunguki kabisa. Kabla ya kukaza skrubu, washa, kisha weka kipande cha tishu juu ya wavu. Kikinyanyuka, feni imekaa sawa.