Walimu nyota tano, usafiri nyota mbili (chekechea, Soweto Moshi)

Naandika hasa kwa mzazi mwenye mtoto anayeng'ata wenzie, anapiga, anatupa vitu, yule ambaye kila ukienda kumchukua dada wa shule anakusubiri getini na mashtaka. Wangu ana miaka minne na ndo alikuwa hivyo. Shule alikotoka, jina silitaji, walikuwa wanamchapa. Mtoto wa baby class jamani! Hata zile kanuni za viboko za 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa kwa maandishi na visizidi vinne, sasa dada wa chekechea anachapa kwa ruhusa ya nani?

Hapa Soweto alikohamia wiki za mwanzo sikuona adhabu yoyote nikajua hawamjali, kumbe madam ana daftari anaandika kila mtoto akileta fujo, ilikuwa saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, na baada ya hapo nani alifanya nini. Akaniita akanionyesha, yani karibu mara zote mtoto anang'ata kwenye foleni ya kunawa mikono kabla ya uji, ana njaa, anasukumwa, na maneno ya kusema "nipishe" bado hajayashika vizuri. Basi wakampa kazi ya kugawa vikombe, foleni hakai tena. Ni hicho tu, na kung'ata kukapungua sana.

Na hawamalizi mchezo ghafla, madam anatikisa kayamba kwanza anawaambia bado kidogo tunakusanya, wanaimba, ndo wanakusanya. Ukutani kuna picha usawa wa macho ya watoto, kunawa, uji, kucheza, hadithi, kulala, hivyo hata asiyejua kusoma anajua kinachofuata. Kelele za "acha! acha!" utazisikia mara chache, wanamwambia cha kufanya: tembea, shika taratibu. Akifanya vizuri anatajiwa alichofanya, "umemsubiri mwenzio ashuke bembea, asante", sio good boy good boy za jumla. Mtu akipigwa madam anaenda kwa aliyeumia kwanza, na aliyepiga dada anakaa nae kwenye mkeka wanapuliza pumzi kama wanapoza uji wa moto mpaka atulie, ndo anaongeleshwa.

Bibi yake kutoka Marangu alisema tunamdekeza, wakamwalika akakaa darasani asubuhi nzima, sasa hata nyumbani anamwambia mjukuu "puliza uji".

Hajawa malaika, akiwa na usingizi bado anasukuma watu. Na dada mmoja asipokuja siku hiyo darasa linavurugika kabisa, watoto ni wengi kwa madam mmoja, uongozi waongeze mtu hilo nawaambia wazi. Gari la shule, Noah, ndo baya zaidi, linajaza watoto wanapakatana na linachelewa, mie nimeacha nampeleka mwenyewe kabla sijaenda kufungua kibanda changu soko la Memorial. Ada sio ndogo ila wanakubali ulipe kidogo kidogo kwa simu, uji unalipia pembeni.

Ukitaka kuangalia nenda asubuhi kabla ya saa nne muda wa uji, omba ukae nyuma ya darasa, hawakatai. Nafasi za mwezi wa kwanza zinaisha mapema kwahiyo wahi.