Pawa windo za kufunga kwenye kirikuu: uzoefu wangu wa miezi 8

Gari ni Suzuki Carry ya vioo vya kuzungusha kwa mkono. Seti niliyofunga ina mota 2 za volti 12, swichi 3 (mbili za dereva, moja ya abiria), waya, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), viunganishi vya plastiki vya saizi tofauti vya kuunga mota na ekseli ya mkono wa kuzungushia, na kiboksi cha kupandisha kioo kwa kugusa swichi mara moja. Mota naipa alama nzuri, ila kiboksi hapana.

Mota hizi haziondoi regyuleta, yaani mashine ya ndani ya mlango inayopandisha na kushusha kioo. Zinakaa pale ulipokuwa mkono wa kuzungushia na kuendesha mashine ileile ya zamani. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, zungusha kioo kutoka chini hadi juu. Mkono ukisikia uzito, mota itausikia zaidi. Mara nyingi ni vumbi lililoganda kwenye mipira ya pembeni: viringisha kitambaa chenye sabuni kwenye bisibisi bapa, safisha mfereji wote, kausha, kisha puliza silikoni. Oili ya injini usiipeleke kabisa, inavimbisha mpira na kunasa vumbi upya. Grisi ni ya reli za regyuleta tu.

Mkono wa kuzungushia umeshikwa na klipu ya waya kwa nyuma. Ukiichokonoa kwa bisibisi utapasua ubao wa mlango. Pitisha utepe wa kitambaa kati ya mkono na ubao, uvute huku na huku kama anayeng'arisha kiatu, klipu itachomoka. Kinga kwa kiganja, maana huwa inaruka. Kiunganishi cha plastiki chagua kinachoingia kwa kubana. Kikilegea hata kidogo kinasaga meno yake, na siku moja utasikia mota inazunguka huku kioo kimetulia tuli.

Waya unaotoka kwenye nguzo ya bodi kuingia mlangoni upite kwenye tundu lenye mpira, na uachwe na ulegevu ili mlango ukifunguka wote usivutike. Hata pawa windo za kiwandani hufia hapo: nyuzi za ndani zinakatika kwa kupindapinda wakati ganda la nje linaonekana zima. Kioo kikikataa, pima volti kwenye soketi mota ikiwa imeunganishwa, kwa sababu uzi mmoja uliobaki utakuonyesha volti 12 za uongo mota ikiwa haijaunganishwa. Swichi ukiibonyeza upande wa pili, mita isome hasi 12. Umeme ukifika wote na mota bado kimya, basi mota ndiyo mbovu.

Nimeweka fyuzi ya ampea 20, na rilei inawashwa na swichi ya funguo. Wapo mafundi wanaochukua umeme moja kwa moja betri kwa uvivu tu. Hapo mtoto aliyeachwa ndani anaweza kuchezea vioo hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Sasa kiboksi. Hakijui kioo kimefika wapi, kinachopima ni ampea. Kioo kikitembea mota inakula kama 5. Kikigota juu zinapanda ghafla na kiboksi kinakata. Mpira mkavu nao unazipandisha, ndiyo maana kioo husimama nusu njia na watu hukimbilia kubadilisha mota. AUTO ya Toyota nyingi (nayo hupandisha kioo kwa kugusa mara moja) ni kitu kingine: inafuatilia mzunguko wa mota na kurudisha kioo kikikuta kidole. Hiyo ikipoteza kumbukumbu betri ilipochomolewa, taa ya swichi inapepesa. Kuirudisha, washa swichi ya funguo, shusha kioo nusu, vuta swichi hadi kifunge kabisa, endelea kuishikilia sekunde 2 hivi.

Kiboksi changu hakirudishi kioo, kinabana kidole kwanza ndipo kikate. Upande wa abiria nimekitoa na kuunganisha swichi moja kwa moja na mota.