Taa ya dagaa: iliyogandishwa gundi au yenye skrubu?

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, karabai zimezipisha taa za LED. Mvuvi wa dagaa sasa ana njia mbili.

Ya kwanza imegandishwa gundi pande zote. Nyepesi, maji hayaingii kirahisi. Betri ikichoka, basi. Fundi akiipasua hairudi tena.

Ya pili ina skrubu, nyaya za kuonekana na betri ya kawaida ya pikipiki. Ni nzito, na viungio hushika kutu. Lakini fundi huifungua, akabadilisha balbu, akaongeza swichi ya kupunguza mwanga kabla wavu haujavutwa. Mwenzake wa Katonga akiiona, anaiga na kuboresha. Teknolojia hukua hapo, mikononi mwa anayeitumia. Linux, programu ya kuendesha kompyuta, nayo ilikua hivyo: mwanzilishi wake, Linus Torvalds, aliweka msimbo wake (maandishi yanayoiunda) hadharani mwaka 1991, na leo ndiyo kiini cha simu za Android zilizojaa mwaloni hapa. Haikujileta yenyewe, watu waliamua kutofunga mlango.

Ukitaka taa ya msimu mmoja tu, chukua ya kwanza. Hela yangu naiweka kwenye ya pili, baada ya kumuuliza muuzaji kama vipuri vinapatikana mjini.