Mafunzo ya taulo za kitambaa, Ngamiani: huduma njema isiyo na mwendelezo

Kwa Jumamosi tatu mfululizo binti yangu wa kidato cha pili alihudhuria mafunzo ya kushona taulo za kike za kitambaa, yaliyotolewa bila malipo na kikundi cha wanafunzi wa kike wa chuo kimoja hapa Tanga, na ya nne nikaenda naye Ngamiani nijionee mwenyewe.

Huduma yenyewe naisifu bila kusita. Kila msichana hupewa kiolezo cha karatasi ngumu, kipande cha flana na kingine kisichopitisha maji, kisha hushona kwa mkono, kwa kuwa wakufunzi wanajua kwamba si kila nyumba ina cherehani. Aliyoishona binti yangu imeshafuliwa mara nyingi kwa sabuni ya mche na haijafumuka popote, ingawa kifungo kimoja cha kubana kililegea mapema. Kilichonipendeza zaidi ni dada mmoja aliyewaambia waziwazi kwamba taulo huanikwa juani, si uvunguni kwa kuona aibu, akaitundika yake kwenye kamba mbele ya wote. Ikikumbukwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani iliyoondolewa kwenye taulo za dukani mwaka 2018 ilirudishwa mwaka uliofuata, kwa maelezo kwamba bei haikuwa imeshuka, ujuzi huu una faida kuliko pakiti moja ya kugawiwa huku mtu akipigwa picha.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Tuliahidiwa kuwa watarudi kila mwezi. Hawakurudi, kwa sababu viongozi walihitimu wakaondoka, na waliowarithi hawakukabidhiwa hata violezo.

Si lazima iwe hivyo. Alpha Kappa Alpha, chama cha udugu wa wanafunzi wa kike Weusi kilichoasisiwa mwaka 1908 katika Howard University, Marekani, hakikukwama viongozi wake walipohitimu, kwani mwanachama akihitimu hupokelewa na tawi la wahitimu. Ndiyo maana kiliweza, kati ya 1935 na 1942, kupeleka wahudumu Mississippi kila kiangazi chini ya daktari Dorothy Boulding Ferebee, na wenye mashamba walipowazuia vibarua wao kwenda kliniki, wahudumu hao walipakia dawa na chanjo kwenye magari wakawafuata huko huko mashambani. Wala hatuhitaji kutazama mbali hivyo: vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya bibi zetu wa pwani vilikuwa na vyeo na kusaidiana katika harusi na misiba, bila kumuuliza mtu amemaliza darasa la ngapi.

Wakirudi, atakayemruhusu mwanawe kwenda ampe mkasi wake, kwa maana iliyokuwapo ilikuwa michache na foleni ilichukua nusu ya kipindi. Kiolezo cha binti yangu hakipo nyumbani kwa sasa. Kimeazimwa na jirani wa tatu.