Hazina ya Murumbi jijini Nairobi: Archives au Nairobi Gallery?

Mtu mwenye nusu siku tu katikati ya jiji la Nairobi, na ambaye angependa kuona sanaa ya Kiafrika, ana majumba mawili, Nairobi Gallery na jengo la nyaraka za kitaifa (Archives), yanayohifadhi vitu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Nimeyazuru yote mawili, na nikilazimika kuchagua moja, nachagua Nairobi Gallery.

Jumba hilo liko karibu na Nyayo House, pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway. Lilijengwa mwaka 1913 kwa shughuli za serikali ya kikoloni, na humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilikuwa vikiandikishwa. Kinachonivutia zaidi ni utulivu wake: unatazama vitambaa, kisha mapambo ya shingoni, kisha michoro, na kadiri unavyosonga ndivyo unavyozidi kumfahamu Murumbi mwenyewe, mwana wa baba kutoka Goa na mama Mmaasai, pamoja na mkewe Sheila, aliyekusanya naye vitu hivyo. Humo pia mna kumbukumbu za African Heritage, jumba la sanaa ambalo wawili hao walilianzisha pamoja na Mmarekani Alan Donovan, mpenzi wa sanaa ya Kiafrika, mwaka 1972, wakati ambapo wasanii wa Kiafrika walikuwa na nafasi chache mno za kuonyesha na kuuza kazi zao barani mwao.

Archives, kama wakazi wanavyoliita jengo la nyaraka za kitaifa, liko Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Zamani lilikuwa benki. Ukumbi wake wa chini umesheheni vinyago, silaha, ala za muziki na vigoda, na kwa kuwa kazi za jamii nyingi zimekaa karibu karibu, mchoraji au mwanafunzi wa sanaa anaweza kuzilinganisha papo hapo. Huyo ningemshauri aanzie huku. Nashukuru kwa dhati kwamba serikali iliununua mkusanyiko huu Murumbi akiwa bado hai, kwani mali kama hii ingeweza kabisa kuishia ng'ambo.

Raia wa Kenya abebe kitambulisho, kwa sababu kiingilio chake ni nafuu kuliko cha mgeni. Muda ukibaki baada ya Nairobi Gallery, Archives hufikika kwa miguu kwa kufuata Barabara ya Kenyatta hadi Moi Avenue.