Su-25 katika anga la Goma: roho ya paka, dari fupi

Su-25, au Sukhoi kama wengi Goma wanavyoiita, ni ndege ya kushambulia ardhini iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1975. Sifa yake kubwa ni kukataa kufa. Rubani hukaa ndani ya beseni la titani lenye unene wa milimita 10 hadi 24, na injini ni mbili. Tarehe 24 Januari 2023 kombora kutoka upande wa Rwanda lililipuka ubavuni mwa Su-25 ya jeshi la Kongo. Kigali ikasema anga lake limevukwa, Kinshasa ikakana. Ndege ikatua Goma ikiwaka moto. Hapo inastahili alama zote.

Ugumu huo Wasovieti waliulipia vitani Afghanistan, ambako zaidi ya 20 zilipotea. Injini zimebanana kama mapacha, kwa hiyo Stinger, kombora la begani la Kimarekani, ilipopiga moja, moto na vipande viliifikia ya pili. Dawa ikawa bamba la chuma kati yake, na fataki za kuhadaa kombora zikaongezwa kutoka 128 hadi 256. Anayekagua Su-25 kuukuu aanze hapo: ahesabu fataki, rangi atazame baadaye.

Kasoro yake kwetu ni urefu wa anga. Dari yake, yaani kimo cha juu kabisa inachoweza kuruka, ni mita 7,000 ikiwa nyepesi, karibu 5,000 ikibeba silaha nzito, maana chumba cha rubani hakikujengewa anga la juu. Uwanja wa Goma wenyewe uko mita 1,550 hivi. Hewa ni nyepesi, injini zinapungukiwa nguvu tangu kuondoka, na volkano ya Nyiragongo yenye mita 3,470 imesimama kaskazini. Sasa mweke mtu mwenye Igla, kombora la begani la Kirusi, juu ya kilima cha mita 2,500. Kombora lake hupanda mita 3,500 zaidi, jumla 6,000. Ndege iliyosheheni haina pa kukimbilia juu.

Na chini ndiko kazi iliko. Haina rada; ina kipimo cha leza puani tu, na roketi za S-8 zisizoongozwa na mabomu ya kawaida humlazimisha rubani kusogea aone shabaha kwa macho, tena akirudia njia ileile kama lengo limefunikwa na mawingu, jambo la kila siku hapa.

Mzinga wa milimita 30 ni mzuri, lakini una risasi 250 na hufyatua 3,000 kwa dakika. Sekunde 5, umekwisha.